Nani Mwenye Kusema "Bado": Historia ya Ngitili za Shinyanga

Kiangazi kinapokolea, uwanja wa ukoka ulio mbele ya nyumba hugeuka rangi ya mchanga. Majani hukatika yakikanyagwa, vumbi huanza kuonekana katikati ya mashina, na mwenye nyumba huona kazi yake yote imepotea. Wengi hapo hukimbilia kung'oa na kupanda upya. Lakini ukoka uliokauka juu kwa kawaida ni mzima chini: mashina yanayotambaa na vichipukizi vilivyojificha udongoni hustahimili wiki nyingi bila tone la maji, na mvua za kwanza huviamsha. Mara nyingi kinachoumaliza uwanja ule ni kukanyagwa na kufyekwa katika siku ambazo ulipaswa kupumzishwa. Kanuni hii, inayoonekana ndogo mbele ya nyumba moja, ndiyo iliyoamua hatima ya mkoa mzima wa Shinyanga katika karne iliyopita. Mkoa huo uliwahi kuitwa jangwa, kisha nyasi na miti yake ikarudi bila mfereji wa kumwagilia na bila mbegu ya kigeni. Historia yake inafundisha kwamba nyasi hustahimili ukame kuliko zinavyostahimili pupa, na kwamba pupa haizuiwi na amri ya mbali. Huzuiwa pale tu wenye ardhi wanapokuwa na mamlaka ya kusema "bado", na neno lao likasikilizwa.

Tuanze na nyasi zenyewe. Nyasi huchipua kutoka usawa wa ardhi, tofauti na mti unaokua kwa ncha. Ndiyo maana zinaweza kuliwa na ng'ombe leo na kuota tena kesho kutwa. Uwezo huo una bei yake. Jani la kwanza linalotokeza baada ya ukame hujengwa kwa akiba ya chakula iliyobaki katika shina na mizizi. Likiachwa wiki chache, huanza kutengeneza chakula chake na kuirudishia mizizi ile akiba iliyotumika. Likiliwa lingali changa, mmea hulazimika kuchota tena katika ghala ambalo halijajazwa. Hilo likirudiwa mara kadhaa msimu mmoja, na msimu mmoja ukafuatwa na mwingine, mizizi hufupika, shina hufa, na udongo hubaki wazi. Mvua inayofuata haikuti tena kitu cha kuishika: hupiga ardhi, huiziba vinyweleo, hutiririka na kuondoka na udongo wa juu. Mtu anayelitazama eneo hilo mwaka wa pili atasema mvua zimepungua, ingawa huenda zimenyesha kama kawaida na kukimbilia mtoni.

Wasukuma, wenyeji wa Shinyanga, waliijua hesabu hii, na wakaitengenezea taratibu. Ngitili ni kipande cha malisho kinachofungwa mvua zinapoanza na kuachwa mpaka kiangazi kimekomaa, wakati machungio ya wazi yameisha. Katika nchi yenye msimu mmoja wa mvua, na mvua zenyewe za milimita 600 hadi 800 hivi kwa mwaka, muda huo wa kufungwa huziwezesha nyasi kukua, kutoa maua, kuangusha mbegu na kukauka zikiwa zimesimama. Nyasi hizo kavu ndizo akiba. Wakati wa kuifungua, ngitili hailiwi yote kwa siku moja. Huliwa sehemu moja, ikiisha hufunguliwa nyingine, na wanaotangulia kuingia ni ndama, ng'ombe wazee, walio dhaifu na maksai wanaotakiwa kuwa na nguvu mvua za kulima zitakaporudi. Nyingine zilikuwa za familia, za hekta chache karibu na boma. Nyingine zilikuwa za watu wote, chini ya uangalizi wa wanangwa (wakuu wa vijiji) na watemi (machifu). Wazo hilo halikuwa la Wasukuma peke yao. Wamaasai hutenga olopololi karibu na boma kwa ajili ya ndama, na Wagogo wana milaga. Jamii zenye lugha na desturi tofauti zilifikia jawabu moja kwa kuwa zilikabiliwa na kiangazi kilekile.

Kama maarifa yalikuwepo, basi nchi iliharibikaje? Jibu la haraka ni kwamba watu na ng'ombe waliongezeka. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Katika miaka ya 1890 sotoka ilifagia ng'ombe wa Afrika Mashariki. Penye ng'ombe wachache nyasi haziliwi, na pasipoliwa wala kulimwa vichaka hushika nafasi. Navyo vichaka vikaleta mbung'o, na mbung'o wakawafukuza watu na mifugo iliyosalia. Kwa hiyo msitu ambao Waingereza waliukuta baada ya Vita Kuu ya Kwanza katika sehemu za Usukuma haukuwa wote msitu wa asili tangu enzi. Sehemu yake ilikuwa alama ya msiba wa jana. Katika miaka ya 1920 C. F. M. Swynnerton, aliyekuja kuongoza utafiti wa mbung'o Tanganyika, aliifanya Shinyanga kituo cha kazi hiyo, na kwa ushirikiano na Mtemi Makwaia wa Usiha watu walitolewa kwa maelfu kufyeka vichaka. Njia mojawapo ya Swynnerton inastahili kutazamwa kwa karibu. Aliagiza nyasi zisichomwe mapema. Zikaachwa zirefuke na kukauka kabisa hadi mwisho wa kiangazi, kisha zikatiwa moto siku moja, ili mwale mkali uunguze vichaka mpaka shinani. Kitendo kilikuwa kilekile cha ngitili, yaani kuzuia nyasi zisiguswe mpaka wakati wake, ila safari hii nyasi zilitunzwa ili ziangamize miti.

Kampeni ile iliokoa maisha ya watu na ng'ombe, na haifai kuibeza. Mbung'o ni mauti. Lakini ilipanda fikra ambayo iliishi kuliko mbung'o wenyewe: kwamba mti ni adui wa mfugaji na ardhi iliyo wazi ndiyo ardhi iliyoendelea. Fikra hiyo ilikutana na pamba. Baada ya Vita Kuu ya Pili kilimo cha pamba kilipanuka kwa kasi kusini mwa Ziwa Victoria, mpaka wakulima wakaunda shirikisho lao la vyama vya ushirika mwaka 1955. Fedha ya pamba ilinunua ng'ombe, maana kwa Msukuma ng'ombe ndiye benki. Hivyo zao moja likawa linapunguza malisho kwa mkono huu na kuongeza mifugo kwa mkono ule. Serikali ya kikoloni iliona hatari, na kuanzia mwaka 1947 ikaja na Mpango wa Maendeleo ya Usukuma: matuta ya lazima, masharti juu ya idadi ya ng'ombe na kodi ya mifugo. Wataalamu wake hawakuwa wajinga. Mengi waliyoyasema kuhusu mmomonyoko yalikuwa sahihi. Kosa lilikuwa katika kumwambia mwenye ng'ombe auze kiasi fulani kila mwaka bila kumpa sauti katika kuamua. Wananchi walipinga, upinzani ukaungana na madai ya uhuru, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 amri hizo zilikuwa zimekufa. Zikaacha urithi mbaya: kuhifadhi ardhi kulikuja kunuka ukoloni.

Baada ya Uhuru mambo mawili yaliikata ngitili miguu, na yote yalifanywa kwa nia njema. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa. Katika taifa jipya linalojenga usawa hatua hiyo ilikuwa na sababu zake, lakini pamoja na mtemi ilidhoofika ile mamlaka iliyokuwa ikifunga na kufungua malisho ya wote, na halmashauri mpya hazikuirithi kazi hiyo papo hapo. Kisha, Novemba 1973, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba hadi mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji vya ujamaa, na operesheni zikafuata. Boma, shamba na ngitili vilikuwa kitu kimoja. Mtu aliweza kuilinda ngitili yake kwa sababu aliiona akiwa mlangoni. Alipohamishiwa kijijini, ngitili ilibaki mbali, bila jicho la kuitazama na bila uhakika kwamba bado ni yake. Katika hali hiyo, mwenye busara hafungi malisho ili jirani ayalishe. Anawahi kuyalisha yeye. Kila mmoja alifanya lililo sawa kwa ng'ombe wake, na kwa pamoja wakaimaliza nchi. Mwalimu mwenyewe alipozuru Shinyanga mwaka 1984, alishtushwa na vumbi na uwazi aliouona. Kufikia mwaka 1986 ngitili zilizojulikana rasmi katika mkoa zilikuwa takribani hekta 600 tu.

Mwaka huo wa 1986 ndipo Serikali ilipoanzisha HASHI, yaani mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliopata msaada wa Norway na baadaye ushirikiano wa watafiti wa kilimo mseto wa ICRAF. Mwanzoni mradi ulifanya lile ambalo mwenye uwanja hulifanya akiona ukoka umekauka: ulitaka kupanda upya. Vitalu vilianzishwa, miche ikagawiwa. Kupanda miti katika nchi kame ni kazi ya gharama, kwa sababu mche unahitaji maji, uzio na mlinzi katika miezi ambayo hata binadamu anatafuta maji. Maofisa wa mradi walipoketi na wanakijiji na kuuliza zamani ilikuwaje, jibu lilikuwa ngitili. Chini ya ardhi iliyoonekana kufa kulikuwa na visiki vya migunga na miti mingine vyenye mizizi hai, na katika udongo mlikuwa na mbegu za nyasi zilizokuwa zikingoja. Kisiki chenye mizizi ya miaka ishirini hakihitaji kumwagiliwa. Kinahitaji chipukizi lake lisiliwe na mbuzi wala kukatwa kuni kwa misimu michache. HASHI wakabadili mwelekeo, na huo ndio uamuzi mkubwa wa mradi ule: waliacha kuwa wapandaji wakawa wasaidizi wa watu wanaofunga ardhi yao wenyewe.

Kufunga kunahitaji mlinzi, na hapa ndipo historia ya Shinyanga inapoizidi ile ya miradi mingine mingi. Ulinzi haukukabidhiwa kwa askari wa misitu. Ulikabidhiwa kwa vyombo vya wenyeji. Dagashida, baraza la jadi ambalo watu hukutana kujadili mambo yao, lilikaa na kuweka kanuni: ngitili ipi ifungwe, ifunguliwe lini, nani aingie, na mvunja kanuni atozwe nini. Sungusungu, waliokuwa wameibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe, wakachukua jukumu la kuwakamata walioingiza mifugo kabla ya wakati. Serikali za vijiji ziliandika sheria ndogo zilizoipa mila nguvu ya kiserikali. Mtu aliyekamatwa hakukabiliana na karatasi kutoka mkoani. Alikabiliana na majirani zake, ambao angewahitaji kesho kwenye msiba na kwenye harusi. Lile neno "bado" lililopotea mwaka 1963 na kuhamishwa wakati wa operesheni za vijiji lilipata tena kinywa cha kulisema.

Matokeo yalikuwa makubwa. Hadi mradi ulipofungwa mwaka 2004, makadirio yalitaja kati ya hekta 300,000 na 500,000 zilizorejeshwa katika vijiji 833 vya mkoa wa Shinyanga kama ulivyokuwa wakati huo, kabla sehemu zake hazijaingia katika mikoa ya Simiyu na Geita. Utafiti wa Monela na wenzake, uliofanywa kwa ajili ya Serikali na shirika la IUCN, ulikadiria kuwa faida za ngitili kwa mtu mmoja zilifikia dola 14 za Marekani kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini Tanzania ulikuwa dola 8.50. Ndani ya faida hizo mlikuwa na malisho, kuni, nguzo, nyasi za kuezekea, asali, uyoga, matunda na dawa. Wanawake waliokuwa wakitembea nusu siku kutafuta kuni walipunguziwa saa kadhaa kwa kila safari. Baadhi ya vijiji viliuza haki ya kulisha katika ngitili zao na kutumia mapato hayo kujenga madarasa.

Pingamizi la kwanza dhidi ya historia hii ni la takwimu na la mvua. Wapo wanaosema makadirio ya hekta laki tatu na zaidi yamevimba, na wana hoja: hesabu moja ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliorodhesha ngitili zaidi ya 18,000 zenye jumla ya hekta 78,000 hivi. Tofauti ni kubwa, na mwandishi mwaminifu hawezi kuificha. Lakini tuchukue hata ile ndogo. Kutoka hekta 600 hadi 78,000 ni zaidi ya mara mia moja, katika muda usiofika miaka ishirini. Kuhusu mvua, wanaosema nyasi zilirudi kwa sababu mbingu zilikuwa na huruma wanapaswa kueleza tofauti iliyokuwapo kati ya ngitili na machungio ya wazi yaliyopakana nayo. Mvua haikagui mpaka. Ilinyesha pande zote mbili za ukingo uleule. Upande mmoja ukaota nyasi za kufika magotini na vichaka vya migunga, upande wa pili ukabaki kipara. Kilichotofautisha pande hizo ni kufungwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, kwa kuwa linagusa haki. Ngitili nyingi ni za familia, na familia yenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi ndiyo yenye uwezo wa kutenga hekta nyingi. Asiye na ardhi hutazama malisho ya wazi yakipungua kila jirani anapofunga kipande chake. Zaidi ya hapo, wanyama waliporudi walikuja na gharama: ndege na wanyamapori waliharibu mazao, fisi wakachukua mifugo, na hasara ilikadiriwa kufikia zaidi ya dola 60 kwa familia kwa mwaka. Haya ni kweli, na kuyapuuza ni kuigeuza ngitili kuwa hadithi ya kupamba ripoti. Hata hivyo hayavunji hoja. Yanaonyesha mahali inapohitaji kukazwa. Ardhi iliyokuwa wazi kwa wote haikumlisha maskini, maana mwenye ng'ombe mia ndiye aliyeimaliza kabla mwenye wawili hajafika. Maskini anahitaji ngitili za kijiji, na ndani yake kanuni zinazompa mjane na kijana asiye na shamba fungu lake la kuni, asali na malisho. Dagashida ya jadi ilikuwa baraza la wanaume. Kanuni zinazotungwa bila wanawake, ambao ndio wabebaji wa kuni na maji, zitakosa ujuzi wa watu wanaoutumia msitu huo kila siku.

Pingamizi la tatu linasema Shinyanga ilipona kwa kuuhamisha ugonjwa. Wakati ngitili zikifungwa, wafugaji wengi wa Kisukuma walikuwa wakihama na makundi yao kwenda Rukwa, bonde la Kilombero na Usangu, ambako ugomvi wa maji na malisho uliongezeka hadi Serikali ikawaondoa wafugaji katika bonde la Usangu mwaka 2006. Kama nyasi za Shinyanga zilirudi kwa sababu ng'ombe walikwenda kula za Usangu, ushindi uko wapi? Ni swali la haki, lakini kuhama huko kulianza kabla ya HASHI, na chanzo chake kikuu kilikuwa uharibifu wenyewe: mtu huhama malisho yakiisha. Aidha, wafugaji walipofika ugenini walikuta ardhi isiyokuwa na dagashida yao wala kanuni walizozitunga pamoja na wenyeji, na matokeo yakawa yaleyale ya Shinyanga ya miaka ya 1970. Usangu basi haikanushi somo la ngitili. Inalithibitisha upande wa pili: utaalamu wa mfugaji ni uleule, ila pasipo mamlaka ya pamoja ya kufunga na kufungua, utaalamu huo hauna pa kusimama.

Leo hatari imebadilika sura. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zimevipa vijiji njia ya kumiliki na kutenga maeneo yao, na hati za hakimiliki za kimila zinaweza kuilinda ngitili ya familia. Lakini ngitili nyingi zilianza kwa makubaliano ya mdomo, na makubaliano ya mdomo huyeyuka ardhi inapopanda bei. Baba akifariki, ngitili ya hekta nne hugawanywa kwa wana wanne, na hekta moja haitoshi kupumzishwa. Mkaa una mnunuzi kila wiki. Nyasi zina mnunuzi mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo fedha za mazingira zinazomwagika sasa katika miradi ya kupanda mamilioni ya miche zitafanya kazi kubwa zaidi zikianzia mahali HASHI ilipofikia baada ya kujifunza: kupima mipaka ya ngitili, kuziandikisha kwa majina ya familia na vijiji, kuwaingiza wanawake na vijana katika mabaraza yanayozisimamia, na kuwalipa walinzi wake. Kabla ya halmashauri yoyote kununua mche mmoja, iwaulize wazee wa kijiji ni visiki vipi bado viko hai, na iwape nguvu ya kisheria ya kuvifungia.